Sarafu za Kirumi: kutoka minada ya London hadi mchanga wa Pemba

Kwa muda mrefu London imekuwa soko na shule ya sarafu za kale. Miongoni mwa zile zinazokusanywa huko ni sarafu zilizofuliwa na miji ya majimbo ya Dola ya Kirumi. Habari zake zinaigusa pia pwani ya Afrika Mashariki, na zina funzo kwa yeyote anayeokota kitu cha kale ufukweni au shambani.

Mjini London, sarafu ya shaba iliyofuliwa miaka 1,800 iliyopita katika mji mmojawapo wa mashariki ya Dola ya Kirumi huweza kununuliwa kwa pauni chache, hasa ikiwa imechakaa na maandishi yake yamefifia. Mnunuzi huipokea ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa jina la mji, jina la kaisari na bei.

Kwa kawaida, kitu kimoja hakiandikwi juu ya bahasha hiyo: mahali sarafu ilipotolewa ardhini. Upungufu huo huonekana mdogo, lakini ndio unaotenganisha kipande cha chuma kizuri na ushahidi wa historia. Watu wa pwani ya Waswahili wana sababu za kutosha za kulitafakari jambo hilo.

Fedha ya Kaisari, alama za mji

Warumi walipoziteka nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania, hawakuifuta mara moja fedha iliyokuwa ikitumika huko. Miji mingi iliachiwa ifue sarafu zake yenyewe, hasa za shaba, kwa ajili ya matumizi ya sokoni. Upande mmoja uliwekwa kichwa cha kaisari au cha mtu wa jamaa yake. Upande wa pili mji ulichagua wenyewe: mungu wake, hekalu lake, mto wake au mlima wake. Maandishi, kwa sehemu kubwa, yalikuwa ya Kigiriki.

Miji iliyofua sarafu za namna hiyo ilizidi 500, kuanzia Hispania hadi mipaka ya Uajemi. Huko magharibi desturi hiyo ilikoma mapema, katika karne ya 1 baada ya Kristo. Mashariki iliendelea hadi nusu ya pili ya karne ya 3, pale fedha ya dola ilipoporomoka thamani na gharama ya kufua shaba ikawa haina faida tena.

Kwa mtafiti, upande ule wa pili ndio wenye utajiri. Mji wa Apamea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ulifua wakati wa Kaisari Septimius Severus sarafu yenye picha ya safina iliyo mfano wa kasha, watu wawili wakiwa ndani yake, na jina la Nuhu limeandikwa kwa herufi za Kigiriki. Ni jambo la kushangaza kuikuta habari hiyo katika fedha ya mji ulioabudu miungu mingi, na ni dalili kwamba Wayahudi waliokaa hapo walikuwa na sauti.

Alexandria, nchini Misri, ilionyesha mnara wake mashuhuri wa kuongozea vyombo vya baharini, ambao umekwisha kuanguka. Wasanifu majengo wanaotaka kujua ulivyokuwa hurejea kwenye sarafu hizo za karne ya 1 na ya 2. Mji huohuo ulimchora mungu wa Mto Nile ameegemea, mara nyingine pamoja na mamba.

Sarafu za Alexandria zina faida nyingine: zimeandikwa mwaka wa utawala wa kaisari. Aidha, Misri ilikuwa na fedha yake ya pekee. Mfanyabiashara aliyeingia nchini humo alipaswa kubadilisha fedha ya nje kwa fedha ya Misri, na fedha hiyo haikuwa na kazi mahali pengine. Utaratibu huo ulidumu hadi wakati wa Kaisari Diocletian, mwishoni mwa karne ya 3. Msikilizaji aliweke jambo hilo moyoni, kwani litahitajika hapo mbele.

London na daftari la dunia

London haikuwa na majimbo ya mashariki, lakini ilikuwa na meli, mabalozi, wanajeshi na wafanyabiashara waliorejea nyumbani na mikoba ya vitu vya kale. Nyumba ya minada ya Spink huihesabu historia yake tangu mwaka 1666. Chama cha wanazuoni wa sarafu, ambacho leo huitwa Royal Numismatic Society, kilianzishwa mwaka 1836, na jarida lake, Numismatic Chronicle, lingali likichapishwa.

Katika jumba la makumbusho la British Museum, wataalamu wa karne ya 19 walijitwika kazi ya kuorodhesha sarafu za Kigiriki mji kwa mji. Mwaka 1887 Barclay Head alitoa kitabu chake Historia Numorum, na mwaka 1892 Reginald Stuart Poole akakamilisha orodha ya sarafu za Alexandria. Hata hivyo, sarafu za miji iliyotawaliwa na Warumi zilihesabiwa kuwa mtoto wa kambo. Wapenzi wa Ugiriki walizibeza kwa kuwa zilichelewa na hazikuwa na uzuri wa zile za kale. Wapenzi wa Roma nao walizibeza kwa kuwa hazikutoka Roma.

Hali ilibadilika polepole. Mwaka 1982 kampuni ya Seaby ya London ilichapisha mwongozo wa David Sear uliowapa wakusanyaji wa kawaida njia ya kuzitambua na kuzipangia bei. Miaka 10 baadaye, mwaka 1992, British Museum na maktaba ya taifa ya Ufaransa zilitoa juzuu ya kwanza ya kazi kubwa iitwayo Roman Provincial Coinage, iliyoandikwa na Andrew Burnett, Michel Amandry na Pere Pau Ripollès. Juzuu hiyo inaanzia kifo cha Julius Caesar, mwaka 44 kabla ya Kristo, hadi mwaka 69 baada yake. Kazi hiyo imeendelea, na sehemu yake kubwa sasa inasomeka bure katika intaneti.

Kwa kiasi fulani, kazi hiyo ilitegemea wakusanyaji. Sarafu zilizopita minadani zilipigwa picha na kupimwa uzito, na aina zisizojulikana kabla zikaingia katika orodha. Huo ndio upande wa heri wa ukusanyaji, na si haki kuuficha. Lakini orodha hujibu swali la sarafu ilifuliwa wapi. Swali la ilisafiri hadi wapi na kwa mikono ya nani hujibiwa na ardhi peke yake.

Warumi na pwani ya Azania

Je, fedha hizo zilifika Afrika Mashariki? Katikati ya karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki, ambaye jina lake halijulikani, alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kwa jina la Periplus. Alieleza pwani aliyoiita Azania, na soko lake la mwisho likiitwa Rhapta. Jina hilo alilihusisha na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, ambavyo Mswahili atakumbuka jamaa yao, mtepe.

Mwongozo huo unataja bidhaa zilizopelekwa Rhapta: mikuki iliyotengenezwa Muza nchini Yemen, mashoka, visu, nyembe za kutobolea na vyombo vya kioo. Vilevile unataja divai na ngano, ambazo hazikuwa za kuuza bali za kujipatia urafiki wa wenyeji. Zilizotoka huko ni pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Fedha haitajwi katika orodha ya Rhapta, ingawa mwandishi huyohuyo anaitaja anapoeleza bandari za India na ya Adulis, katika Eritrea ya leo.

Basi, kukosekana kwa sarafu nyingi za Kirumi katika pwani ya Tanzania na Kenya si ushahidi kwamba biashara haikuwapo. Biashara ilikuwa ya mali kwa mali, na sehemu yake ilipitia mikononi mwa manahodha wa Kiarabu ambao, kwa maelezo ya mwongozo huo, walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Zaidi ya hayo, fedha ya Misri haikutengenezwa kwa ajili ya kuvuka mpaka. Alama za mawasiliano hayo zimetafutwa kwingine: mwanaakiolojia wa Tanzania, Felix Chami, alichimbua katika eneo la Rufiji shanga za kioo alizozitambua kuwa za Kirumi.

Kitendawili cha Bur Gao

Hata hivyo, kuna kundi moja la sarafu ambalo kwa miaka mingi lilitajwa kama uthibitisho kwamba fedha ya Kirumi ilifika. Mwaka 1912 Kapteni C. W. Haywood alieleza kuzipata sarafu hizo Bur Gao, bandari ambayo Waingereza waliiita Port Durnford. Wakati huo ilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Leo imo kusini mwa Somalia, katika nchi ya Wabajuni.

Sarafu hizo zilichanganyika mno. Zilikuwamo za akina Ptolemaio waliotawala Misri kabla ya Warumi, za makaisari wa Roma hadi wale wa karne ya 4, za masultani wa Kimamluki wa Misri na hata za Waturuki wa Osmani. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni muda unaozidi miaka 1,500. Mwaka 1932, miaka 20 baada ya kupatikana, Harold Mattingly wa British Museum alizieleza katika Numismatic Chronicle.

Mattingly aliweza kuzisoma sarafu, lakini hakuweza kuisoma ardhi. Hapakuwa na ramani ya shimo wala picha, na hakuna aliyeandika kama zilikuwa pamoja katika chombo kimoja au zilitawanyika, wala zilikuwa na nini pembeni yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Neville Chittick, mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, alikwenda Bur Gao kuchunguza. Magofu aliyoyaona hayakuwa ya wakati wa Warumi, bali ya karne nyingi baadaye, naye akatilia shaka habari nzima.

Maelezo kadhaa yanawezekana. Huenda ni fedha zilizobakia katika bandari iliyotumika tangu zama za kale. Huenda pia ni mkusanyiko wa mtu aliyezinunua Misri, mahali ambapo sarafu za zama zote huuzwa pamoja, akazileta pwani katika nyakati za karibuni. Sarafu zenyewe haziwezi kuamua. Shahidi amefika barazani, amesema jina lake na la mfalme wake, lakini hawezi kusema alikuwa wapi siku ya tukio.

Mkanganyiko wa namna hiyo umezipata pia sarafu za Waswahili wenyewe. Mwaka 1944, mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu 9 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo. Nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Zilitambuliwa miaka mingi baadaye. Zilifikaje huko? Dhana ni nyingi, na ushahidi ni haba, kwa kuwa hakuna aliyechunguza mahali hapo siku zilipookotwa.

Mtambwe Mkuu: ardhi inaposema

Mfano wa kinyume chake umo katika kisiwa cha Pemba. Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa kisiwa hicho, ulikuwa mji wa Waswahili kabla ya magofu yake kufunikwa na mchanga na miti. Mwaka 1984 ilipatikana hapo akiba ya sarafu ndogo sana za fedha, zaidi ya 2,000, na timu ya mwanaakiolojia Mark Horton ikachunguza mahali penyewe. Kulikuwa pia na dinari chache za dhahabu, baadhi yake za makhalifa wa Kifatimiya wa Misri.

Dinari hizo zilikuwa na miaka. Ya mwisho miongoni mwake ni ya karne ya 11. Kabla ya hapo, wataalamu walikuwa wamekwisha kuziona sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan. John Walker wa British Museum alikuwa amechapisha utafiti wake kuhusu sarafu za Kilwa mwaka 1936, na G. S. P. Freeman-Grenville akaongeza orodha katika miaka ya 1950. Lakini sarafu za Waswahili hazikuandikwa mwaka. Chittick, aliyechimbua Kilwa, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200.

Mtambwe Mkuu ulibadilisha hesabu hiyo. Kwa kuwa sarafu za Ali bin al-Hasan zilikuwa pamoja na dhahabu ya karne ya 11, haikuwezekana tena kumweka mtawala huyo baada ya hapo. Historia ya miji ya pwani, uislamu wake na utawala wake, ilirudishwa nyuma kwa zaidi ya miaka 100. Mabadiliko hayo makubwa hayakuletwa na uzuri wa sarafu wala na bei yake, bali na kujulikana kwa vitu vilivyolala pamoja nazo.

Sarafu hizo zina jambo jingine linalompendeza Mswahili. Maandishi ya upande mmoja yana jina la mtawala, na ya upande wa pili yana tamko la kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili huishia kwa sauti moja. Ni fedha yenye vina. Sarafu ya mtawala mwingine, al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa kuwa mahali ilipopatikana panajulikana, kipande hicho kidogo cha shaba ni ushahidi wa uhusiano wa Kilwa na nchi ya dhahabu iliyo ndani ya bara.

Sheria, soko na dhamiri

Uingereza imejifunza somo hilo katika ardhi yake yenyewe. Sheria ya mwaka 1996 kuhusu hazina inamlazimu anayepata hazina kutoa taarifa, naye hupewa malipo pamoja na mwenye shamba ikiwa jumba la makumbusho litaichukua. Tangu mwaka 1997 umekuwapo pia mpango wa hiari wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia katika England na Wales, na vilivyoandikishwa vimezidi milioni moja.

Matunda yake yalionekana mwaka 2010 karibu na mji wa Frome, katika jimbo la Somerset. Mtu aliyekuwa akitafuta kwa kifaa cha kutambua madini alikuta mdomo wa chungu kilichojaa sarafu za Kirumi. Aliacha kuchimba, akawaita wanaakiolojia. Chungu kilitolewa tabaka kwa tabaka, na jumla ya sarafu ikawa 52,503. Ilionekana kwamba kundi kubwa la sarafu za mwisho kabisa halikuwa juu, bali chini zaidi. Kwa hiyo chungu hakikujazwa kidogo kidogo kama kibubu, bali kwa mara moja. Kama mtu huyo angezimimina ndani ya gunia, jambo hilo lisingejulikana milele.

Soko, hata hivyo, bado lina vishawishi vyake. Mwezi Oktoba mwaka 2020, sarafu ya dhahabu iliyofuliwa na jeshi la Brutus kuadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar iliuzwa katika mnada mjini London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Baadaye ilidhihirika kwamba maelezo ya asili yake yalikuwa ya uongo, na mwaka 2023 maofisa wa New York waliirejesha Ugiriki. Iliyorudi ni dhahabu. Habari za mahali ilipolala kwa miaka 2,000 hazikurudi.

Uingereza iliukubali mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 kuhusu biashara haramu ya mali za utamaduni mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kuwaadhibu wanaouza vitu vilivyoporwa. Tanzania ilikuwa na sheria yake ya mambo ya kale tangu mwaka 1964. Lakini sheria huwa na nguvu pale tu mnunuzi anapouliza na muuzaji anapoweza kujibu. Maswali yenyewe si mengi. Kitu hiki kimetoka wapi? Kilitoka lini, na nani aliyekimiliki kabla? Zipo karatasi? Mkusanyaji anayeuliza hayo hapotezi furaha ya kukusanya, bali huinunua sarafu pamoja na habari zake.

Katika Kilwa, Mafia na Pemba, maji ya bahari na jembe la mkulima yangali yakifichua sarafu za masultani. Nyingi zina thamani ndogo mbele ya mnunuzi wa kigeni, na ni rahisi mtoto kuiuza moja kwa bei ya peremende. Neno dinari lenyewe lilitoka kwa Warumi, likapita kwa Waarabu, likafika kwa Waswahili, wala hakuna aliyelipoteza njiani. Sarafu haina bahati hiyo. Ikitolewa ardhini bila kuandikwa mahali pake, hata jumba kubwa kabisa la makumbusho mjini London haliwezi kumrudishia mwenyewe kile kilichopotea.